Bima ya Mama na Kidole Changu

Mwaka ule petroli ilipoadimika Bujumbura, nilipata nafasi ya kusafiri. Mimi ni fundi wa magari mtaa wa Buyenzi, na gari lililolala siku nne kwenye foleni ya mafuta haliharibiki kitu. Kwa hiyo dada yangu alipopiga simu kutoka Liège, Ubelgiji, kusema kwamba mama yetu aende kwake wiki tatu apumzike, na kwamba mimi nimsindikize kwa sababu peke yake hataweza kubadilisha ndege, sikuwa na kisingizio. Wateja wangu wote walikuwa kwenye foleni. Hakuna hata mmoja ambaye angenitafuta.

Mama alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alikuwa mjane, na bado aliuza vitenge katika duka dogo la mtaa wa Asiatique alilofungua pamoja na marehemu baba. Ndege alikuwa anaziona zikipita juu ya paa. Alikubali safari kwa sharti moja, kwamba duka lishikwe na mke wangu, ambaye hajui kupunguza bei. Hilo likapita bila ugomvi. Kisha dada akatuma orodha ya karatasi za viza: picha, barua ya mwaliko, cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa wakati vyeti havijulikani, na chini kabisa, mstari mmoja tu, bima ya safari.

"Hiyo ni ndogo," dada alisema. "Ingia mjini, chagua moja nzuri, kwisha."

Nilidhani ni kama bima ya gari, au asiransi kama tunavyoita kwetu. Asiransi ya gari naijua. Unabandika kikaratasi kwenye kioo, polisi anakisoma, unapita. Katika miaka thelathini ya ufundi sijaona mtu akikaa kuchagua. Unachukua ile ambayo ofisi yake iko karibu na mahali ulipoegesha.

Ofisi ya kwanza ilikuwa hatua chache kutoka dukani kwa Mama. Ukutani walikuwa wametundika picha kubwa ya kijana na msichana wakikimbia kwenye mchanga mweupe, viatu mkononi. Mama aliitazama sana. Mhudumu nyuma ya kioo alituuliza swali moja tu: msafiri ana miaka mingapi? Nikamwambia. Akatabasamu kwa huruma, akarudisha kalamu mezani.

"Yetu inaishia sabini," alisema.

"Na mutu akishapita sabini?" Mama aliuliza.

"Anabaki nyumbani, Mama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza saa za kufungua ofisi. Tulipotoka, Mama alisimama kidogo kwenye kivuli cha duka la jirani, akafunga vizuri mtandio wake. "Wanataka wale wanaokimbia," akasema. "Mutu anayekimbia hivyo, asiransi ya nini?"

Ofisi ya pili ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya kwanza, na kijana aliyetupokea alikuwa na tai nyekundu na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote anayelipwa mshahara. Alikuwa Mkristo wa mtaa wa Gasenyi, msalaba mdogo shingoni, na alimwita mama yangu Mama tangu neno la kwanza. Alituletea viti. Alisema kampuni yao inachukua watu hadi miaka themanini. Mama akakaa vizuri, kama mteja aliyefika kwenye duka lenye bidhaa.

Kijana alifungua karatasi na kueleza sehemu moja baada ya nyingine. Hospitali. Dawa. Mzigo ukipotea. Ajali ya kuteleza kwenye theluji. Mama alifuata kwa kidole, ingawa maandishi yalikuwa ya Kifaransa na Kifaransa chake kinaishia kwenye kuhesabu na kusalimia. Kidole kikasimama.

"Na hii ni nini?"

Kijana alisafisha koo. "Ni kurudisha mwili, Mama. Mutu akifariki kule, sisi tunamurudisha Bujumbura."

"Na ndege?"

"Na ndege."

"Hii hii ya watu?"

"Hiyo hiyo. Lakini chini, kwenye mizigo."

Mama alifikiri juu ya mizigo. "Na kuosha?"

"Kuosha nini, Mama?"

"Kuosha mimi. Mbele ya kunitia ndani ya sanduku. Ni nani ataniosha? Ni mwanamuke?"

Kijana hakucheka. Alichukua kile kitabu cha masharti, akakifungua ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kwa midomo. Nilitamani sakafu ifunguke. Mwishowe akainua kichwa.

"Haiko ndani," alisema. "Lakini haijakatazwa."

Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo nikajua kwamba kampuni imeshachaguliwa. Nilijaribu kumkumbusha kwamba kaka yake, anayeadhini msikitini, husema siku zote kwamba Mwislamu azikwe palepale alipofia, na haraka. Mama akajibu kwamba kaka yake hajawahi kufia popote, na kwamba yeye anataka kulala karibu na baba yetu, ambaye anamdai maneno fulani.

Kisha ikaja karatasi ya maswali. La kwanza: Je, una ugonjwa wowote wa kudumu?

Mama ana sukari. Buyenzi nzima inajua. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na kila Ramadhani anagombana na daktari.

"Andika apana," Mama alisema.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba hatuwezi kuandika hivyo.

"Mi siyo mugonjwa. Mi niko na sukari."

"Ndiyo wanayouliza, Mama."

"Sukari ni yangu. Imeshasumbua wao lini?"

Kijana wa tai alianza kupanga karatasi nyingine ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nikamwomba tuondoke na fomu, tutairudisha.

Siku tatu zile nilikuwa mtu wa kuhubiri. Nilimweleza Mama wakati wa chakula, nikamweleza dukani kati ya mteja na mteja, nikamweleza tukitoka msikitini, yeye upande wa wanawake na mimi nikimngoja mlangoni. Nilimwambia kwamba ukidanganya, wanapokea karatasi wakicheka. Siku ukianguka ndipo wanafungua faili na kusoma. Nilimwambia kwamba ukweli ndio asiransi yenyewe. Sentensi hiyo ilinipendeza, nikairudia. Mke wangu alinisikia mara ya tatu, akauliza kama na wateja wangu huwa nawaambia ukweli kuhusu vipuri vya zamani. Nikamwambia hayo ni mambo mengine.

Siku ya nne Mama alivaa kitenge chake cha sherehe, akaniambia tuende. Tulipofika, alikaa mbele ya kijana wa tai, akaweka mikono juu ya meza, akasema, "Andika."

Alianza na surua ya utotoni. Akaja kwenye malaria, akijaribu kuzikumbuka moja moja, na mbili alizichanganya kwa sababu mara zote mbili alikuwa na mimba. Akaeleza goti la kushoto, ambalo hujua mvua kabla ya watu wa redio. Akaeleza jino alilong'olewa na mtu ambaye hakuwa daktari. Akaeleza sukari, lini ilianza, baada ya msiba gani, na jinsi inavyopanda akimwona jirani mmoja ambaye hakumtaja. Kijana aliandika yote. Nafasi ya majibu kwenye fomu ilikuwa mistari miwili. Akachukua karatasi nyingine, akaibana nyuma kwa pini. Nilikaa pale nikigundua kwamba magonjwa ya mama yangu, karibu nusu, nilikuwa siyajui. Mimba ya pili kati ya zile mbili haikuwa ya mtoto yeyote ninayemjua. Kijana aliandika tu, akaweka nukta.

Ilihitajika barua ya daktari, tukaileta. Kampuni ikakubali, bei ikapanda. Hapo Mama akarudi kwenye kazi yake ya miaka arobaini.

"Hii ya kuteleza kwenye barafu," alisema, "toa. Sitateleza."

"Haitoki, Mama. Zinaenda pamoja."

"Na mizigo? Nabeba sanduku moja, ya zamani. Wakiipoteza, sitalia. Toa, punguza."

"Mama, hii siyo kama kitenge. Haikatwi."

"Kila kitu kinakatwa," Mama alisema. Walibishana kwa heshima, robo saa nzima. Hakupunguziwa, lakini alipewa kalamu mbili na mfuko wa plastiki wenye kamba wa kuvaa shingoni, wa kuwekea kadi ya bima. Alitoka akiwa ameshinda.

Nilikuwa nimeshasimama kumfuata Mama, kijana aliponiuliza, "Na wewe, fundi? Yako?"

Kusema kweli nilikuwa nimejisahau. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, sikuwahi kulazwa. Nikamwambia anipe ile ya kawaida, ya chini, inayotosha viza. Aliuliza kama ningependa kusoma masharti. Mama alikuwa tayari anashuka ngazi na goti lake. Nikaweka sahihi nikiwa nimesimama.

Tulisafiri mwezi wa kumi. Sitaeleza ndege, kila aliyepanda ameshaieleza. Nitasema tu kwamba Mama alivaa ile kadi shingoni tangu Buyenzi, juu ya mtandio, na aliionyesha kila mahali tulipoombwa karatasi na mahali ambapo hatukuombwa. Aliionyesha kwa mpakiaji wa mizigo. Alimwonyesha dereva wa basi huko Liège, mtu mrefu mwenye ndevu, ambaye aliisoma yote, akampa ishara ya dole gumba.

Mama alipapenda kule kuliko nilivyotegemea. Nyumba ya dada iko juu ya kilima, na ili kufika dukani lazima ushuke ngazi nyingi za mawe. Mama alizishuka na kuzipanda kila siku, na goti halikusema kitu. Alikula supu ya dada, akapima sukari kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa nzuri. Siku ya sita nilimkuta akikitazama kile kipimo kwa mashaka, kama mizani ya mfanyabiashara mwenzake.

"Tumelipa kwa bure," aliniambia.

"Mama, ndivyo inavyotakiwa."

"Ndiyo. Lakini tumelipa."

Siku ya nane akamwomba dada ampeleke mahali Waislamu wa mji ule wanapozikwa. Dada hakutaka, alisema wamekuja kupumzika. Mama akasema hiyo ndiyo itampumzisha. Tulipanda mabasi mawili. Ni sehemu ya makaburi makubwa ya mji, imetengwa upande wa nyuma karibu na ukuta, makaburi yote yameelekea Kibla na kwa hiyo yamekaa upande upande na njia, kama watu waliogeuka kutazama kitu. Upepo ulikuwa mkali. Majina yalikuwa ya Wamoroko na Waturuki, na moja au mawili ya watu wa upande wetu. Mama alitembea polepole kati ya mistari. Mbele ya kaburi moja lisilo na maua, lenye kibao cha mbao kilichopauka hata jina halisomeki, alisimama, akainua mikono, akamwombea dua ndefu mtu huyo asiyemjua.

Kwenye kituo cha basi alikaa katikati yetu.

"Siyo pabaya," alisema. "Pasafi. Lakini nani anapita kuwasalimia?"

Dada alisema Ijumaa watu huja. Mama akauliza kama yeye huja. Dada amekaa Liège miaka kumi na tisa. Hakuwa amewahi kufika pale. Alitazama upande basi linakotokea. Mama akaishika ile kadi yake kwa vidole viwili, akaiingiza ndani ya koti ili isipate mvua, na kwa mkono mwingine akashika mkono wa dada, akaushikilia mpaka tulipofika nyumbani. Mimi nilisimama njia nzima, viti vilikuwa viwili.

Sasa nije kwenye habari yangu.

Fundi akikaa siku kumi na moja bila kushika spana, mikono inaanza kumtafutia makosa. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu mpole anayefanya kazi katika maktaba, na gari lake lilikuwa linapiga kelele upande wa kulia wa injini. Nilikuwa nimeisikia kelele ile tangu alipotupokea uwanja wa ndege. Nilimwambia ni mkanda. Alisema ameandika miadi na gereji, watamwona baada ya wiki tatu. Nilidhani sikusikia vizuri. Gereji yenye umeme, yenye mafuta, yenye vipuri kwenye rafu, na mtu angoje wiki tatu kwa ajili ya mkanda.

Siku ya kumi na mbili, baada ya chakula cha mchana, nilifungua boneti. Shemeji alisimama pembeni na mwavuli. Injini ilikuwa imezimwa, lakini ilikuwa bado ya moto, tulikuwa tumetoka dukani. Nikaingiza mkono.

Feni za magari ya siku hizi zinaweza kuanza zenyewe injini ikiwa imezimwa, ikiwa joto bado liko juu. Jambo hilo nimewafundisha mafundi wote waliopita gerejini kwangu. Nimelisema kwa ukali, nimelisema kwa mifano. Feni ilianza, ikagusa kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia, ikasimama. Sikupiga kelele. Nilitoa mkono, nikautazama, nikamwambia shemeji, "Ni mkanda, nilikuambia." Kisha nikakaa chini kwenye maji.

Hospitali walinishona, wakapiga picha, wakasema mfupa wa kidole cha kati umevunjika mahali pawili. Walinihudumia vizuri na haraka. Mama alikuwepo muda wote, ameshika kadi yake, na nadhani kulikuwa na dakika moja alipofikiri kuwapa hiyo.

Jioni ile ile, kabla ya Magharibi, ilibidi nipige simu kwenye kampuni yangu ya bima. Masharti, ambayo sasa nilikuwa nayasoma kwa mara ya kwanza, na kwa mkono wa kushoto, yalisema ni lazima kutoa taarifa ndani ya siku moja. Yalisema mengine pia. Ukurasa wa tisa kulikuwa na orodha ya mambo ambayo bima haigusi: vita, mashindano ya farasi, na kazi za mikono.

Nilimsomea shemeji. Akasema kwa upole wake wote, "Tunaweza kusema mlango wa gari ulikubana. Milango inabana watu. Haikosi."

Ilikuwa hoja nzuri sana. Mlango siyo kazi ya mikono. Hata mtu wa vakansi, yaani likizo, hufungua mlango. Nilitazama simu, nikaanza kupanga: tulikuwa tunatoka dukani, mvua inanyesha, shemeji hakuniona. Ilijipanga kwa urahisi wa kutisha.

Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni ya dirisha. Hatukuwa tumesema kwa Kifaransa, alisikia kila neno. Nilitegemea anikumbushe mahubiri yangu. Nilikuwa hata na jibu tayari. Lakini yeye aliokota nyuzi kwenye sketi yake, moja baada ya nyingine, kama mtu aliye ndani ya basi anayejifanya hasikii mazungumzo ya watu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema.

Nikapiga. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu mwenye orodha mbele yake.

"Ilitokea vipi?"

"Nilikuwa nafungua boneti ya gari la shemeji yangu. Feni ikanipiga."

"Kwa nini ulifungua boneti?"

"Kulikuwa na kelele."

Nilisikia vidole vyake vikigonga mashine. "Kazi yako ni nini, bwana?"

Nilimtazama Mama. Bado alikuwa kwenye nyuzi. "Fundi wa magari," nilisema.

Vidole vikasimama. Shemeji akafumba macho.

"Kwa hiyo ulikuwa unafanya kazi."

"Apana, madamu. Nilikuwa likizoni. Kazini sijawahi kukatwa kidole miaka thelathini."

Vidole vikaanza tena. "Je, shemeji yako alikulipa?"

"Alinishikia mwavuli."

Sijui kama alicheka. Alisema ataandika hayo yote kama nilivyosema, na kwamba uamuzi utakuja kwa barua. Nilipokata simu, Mama aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na chai. Alinishikia kikombe ninywe, kitu ambacho nadhani hakuwa amenifanyia tangu kabla sijaanza kutembea.

Barua ilifika siku mbili kabla ya kuondoka. Dada aliisoma kwa sauti mezani. Kampuni ilikuwa na furaha kunijulisha kwamba, baada ya kuchunguza maelezo yangu, na kwa kuwa tendo lilikuwa la kifamilia lisilo na malipo, dai langu limekubaliwa lote. Shemeji akapiga meza kwa kiganja. Dada akaendelea kusoma, sauti ikapungua. Kulikuwa na kitu kinaitwa fransizi, yaani sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima anajibebea mwenyewe, na katika bima niliyoichagua, ile ya kawaida, ya chini, sehemu hiyo ilikuwa kubwa kuliko gharama yote ya hospitali. Kwa hiyo hakuna kitakacholipwa. Walinitakia nipone mapema.

"Sasa wamekubali nini?" Mama aliuliza.

"Wamekubali kwamba niliumia," nilisema.

Mama alilifikiria hilo kwa haki. "Siyo kidogo," akasema. "Wengine wangekataa hata hiyo."

Dada na shemeji walibeba gharama, wakakataa kabisa tulizungumzie. Gari lilikwenda gereji siku ya miadi yake. Ilikuwa mkanda.

Mama alirudi Bujumbura mzima kuliko alivyoondoka, jambo ambalo nafikiri lilimkera kidogo. Kwenye uwanja wa ndege alikokotoa kwamba bima yake ilikuwa bado na saa kadhaa, akaniuliza kwa utani kama hakuna kitu cha kujaribu. Nyumbani alieleza watu habari ya ngazi, ya supu, ya dereva wa basi. Habari ya kidole changu aliieleza pia, kwa ufupi, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Aliwaambia ukweli." Aliisema kama anavyosema kitenge hakichuji. Ile ya makaburi hakumweleza mtu, nijuavyo mimi. Lakini dada alipiga simu Ijumaa moja, kitambo baada ya sisi kurudi, akaongea na Mama peke yake kwa muda mrefu, na Mama alipomaliza aliniambia tu kwamba dada amenunua kibao kipya, na kwamba mtu yule sasa ana maua.

Mimi nilirudi gerejini na mkono umefungwa. Daktari alisema nisishike chuma mwezi mzima. Nikaweka kiti karibu na mlango, nikaanza kuongoza kazi kwa mdomo, na nikagundua kwamba katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kukaa kwenye gereji yangu mwenyewe. Kuna upepo mzuri saa nne asubuhi. Mama muuza chapati wa ng'ambo ya barabara huimba, na huimba vibaya. Wiki ya pili petroli ilifika kwenye vituo vichache, magari yakaanza kutembea, na yalipotembea yakaanza kuharibika, moja likaletwa likisukumwa na watu sita kutoka kwenye foleni yenyewe. Mwenye gari alinikuta nimekaa, kikombe mkononi, akasimama mbele yangu akihema.

"Fundi," alisema, "uko kwenye vakansi?"

Nikamwambia afungue boneti, kisha arudi nyuma hatua mbili.